Haragwe la Kamba ya Pili

Haragwe lilikuwa dogo. Betrida Chaula aliligeuza huku, akaligeuza kule, akalipeleka dirishani kwenye mwanga, na bado likabaki dogo vilevile. Akaliweka kando ya lile la kamba ya kwanza. Ebo! Yangekuwa watoto, ungesema mmoja anasoma la kwanza na mwingine anamaliza la saba.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage ya mchana kwenye ungo. "Wewe na hizo kamba zenu," alisema bila kuinua uso. "Tangu alfajiri umezikodolea macho. Chai imepoa."

"Mama, yale maharage ya mabaka tuliacha kupanda lini?"

"Si msimu ule Bodi walipoihamishia mvua yetu kwingine? Yale yanataka maji. Tukabaki na haya ya njano, madogo, ya kutuliza njaa tu. Kwani vipi?"

Betrida alivuta kigoda akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi akakaa tena. Mama yake alimtazama mara moja, akaendelea kutupa mawe nje ya ungo.

Sasa hizo kamba zenyewe tuziseme, maana bila kamba mtu hataelewa kwa nini mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne anataka kulia kwa ajili ya haragwe. Pale Idende kulikuwa na kikundi cha kujitolea kinachoitwa Macho Juu. Kilikuwa na wanachama watano, hakuna anayelipwa. Mtu yeyote milimani kule akisema ameona kitu angani ambacho si ndege, si eropleni, wala si kichunga cha Bodi ya Mawingu, Macho Juu walifunga safari wakaenda kumsikiliza. Walikuwa na daftari, kalamu, na kamba mbili. Kila kamba ilifungwa mbegu tano: ulezi, ngano, njegere, punje ya hindi, haragwe. Aliyeona kitu hunyoosha mkono wote, hufumba jicho moja, halafu husema ni mbegu ipi ingetosha kukifunika kile alichokiona. Hivyo tu. Utaratibu huo aliubuni Mwalimu Erasto Tweve, mwanzilishi na mwenyekiti wao, aliyefundisha jiografia shule ya Idende miaka thelathini. Mwalimu hakutaka kabisa kusikia mtu akisema "kilikuwa kikubwa kama nyumba". Nyumba ya nani? angeuliza. Ya kwako au ya mchungaji?

Basi mwezi uliopita, saa nane mchana, mawingu yalipasuka kidogo na watu wawili wakakiona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa uwanja wa shule ya Idende. Mwingine alikuwa barazani kwenye zahanati ya Mhaji, ng'ambo ya msitu, kilomita tatu kamili. Kila mmoja alikuwa anatazama upande wa mwenzake. Kitu cha mviringo, rangi ya moshi, kimetulia ndani ya wingu kama kimepigiliwa misumari. Kikundi kikagawanyika, kamba ya kwanza ikaenda shuleni, kamba ya pili ikaenda Mhaji. Wote wawili wakasema: haragwe.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Watu wawili wakikiona kitu kwa ukubwa uleule, basi kiko katikati yao. Na katikati ya Idende na Mhaji ni msitu wa Lihanga, ambako hakai mtu yeyote isipokuwa Ngajilo Fungo na mizinga yake arobaini ya nyuki. Betrida ndiye katibu. Aliandika hivyo, akatia sahihi, akabandika nakala kwenye ubao wa kijiji kama ilivyo kawaida yao. Watu wa Bodi wakaisoma. Kesho yake wakaja na gari wakamchukua Ngajilo.

Kosa lake? Kugusa wingu. Sheria ilikuwa wazi: wingu ni mali ya Bodi mpaka litakapodondoka. Vichunga vyao, vyombo vidogo visivyo na rubani, vilipita angani mchana kutwa vikiyaswaga mawingu, hili lipeleke bwawani, lile lipeleke mashamba ya chini, kwa ratiba. Idende ilikuwa na zamu yake ya mvua, ikafutwa miaka miwili iliyopita kwa barua ya mistari minne. Na mtu akiweka kitu chake ndani ya wingu la Bodi, hata kama hajadondosha tone, anafungwa miaka kumi.

Na haragwe la kamba ya pili? Lilitobolewa na wadudu mwaka jana. Betrida alilitoa, akachukua lingine kwenye ungo wa mama yake, akalifunga, akaendelea na shughuli zake. Hakupima. Nani anapima haragwe, jamani? Haragwe ni haragwe! Sasa ameyaweka pamoja, na la pili ni nusu ya la kwanza.

Kwa hiyo yule wa Mhaji alikiona kitu kidogo mara mbili kuliko yule wa shuleni. Kwa hiyo kilikuwa mbali naye mara mbili. Kwa hiyo hakikuwa msituni kabisa. Kilikuwa upande wa huku, kilomita moja tu kutoka shuleni, na Betrida hakuhitaji ramani kujua kuna nini kilomita moja kutoka shuleni kwenye mstari ule. Alikuwa amekwenda huko mara mia. Alikuwa amekula viazi vya huko.

Ni shamba la Mwalimu Tweve.

"Unakwenda wapi bila kunywa chai?" mama yake aliuliza.

"Narudi sasa hivi."

"Beba na ndoo basi, upitie chemchemini."

Lakini alikuwa ameshatoka, kamba zote mbili mfukoni, na ndoo hakuiona.

*

Alikutana na Yuditha Fungo, mke wa Ngajilo, kwenye njia panda ya kanisani. Laiti angeweza kujificha angejificha, lakini njia ile haina hata kichaka.

"Dada Betrida." Yuditha alitua beseni lake chini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na siku hizi sita zilikuwa zimemkausha zaidi. "Kesho mnasoma faili."

"Ndiyo, dada. Saa tisa."

"Mtasema nini?"

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya Macho Juu, tena ndiyo waliyojivunia kuliko zote. Faili halifungwi chumbani. Linasomwa lote mbele ya kijiji, mstari kwa mstari, pamoja na makosa, kisha linapigwa mhuri: KIMEELEZWA au HAKIJAELEZWA. Katika miaka kumi na moja hawajaficha mstari hata mmoja. Safari hii Bodi wenyewe walikuwa wametuma habari kwamba watahudhuria, na kwamba faili likishapigwa mhuri ndipo shauri la Ngajilo litapelekwa mahakamani.

"Nitasoma ukweli," Betrida alisema.

Yuditha alicheka, kicheko kibaya. "Si ndio huohuo ukweli wenu uliomfunga? Mume wangu hajui hata kubadilisha betri ya redio. Anamwita mwanangu amwekee stesheni. Huyo ndiye wa kutega mawingu? Nyuki wameanza kuhama, hakuna anayewapelekea maji. Nimekwenda kumwona juzi, ameniuliza habari za nyuki, yeye mwenyewe midomo imepasuka."

"Dada Yuditha, nipe mpaka kesho."

"Kesho mimi ninayo. Ambaye hana ni yeye." Alijitwika beseni lake akaondoka.

Betrida alipanda kilima kwa hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Alikasirikia haragwe. Alikasirikia wadudu. Mwisho, kwenye mwinuko wa mwisho pale pumzi inapokata, alijikasirikia yeye, na hapo akaanza kwenda polepole, kwa sababu mbele ilibaki nyumba moja tu.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mwalimu Tweve alikuwa kwenye ngazi ya nyumba yake akimenya viazi, miwani imeshuka puani. Aliutazama mkono wa Betrida mfukoni. "Umekuja na kamba."

Betrida alizitoa, akazilaza kwenye goti la mzee. Mwalimu alipandisha miwani, akalishika haragwe la njano kwa vidole viwili.

"Umechelewa," alisema taratibu. "Mimi nililiona siku ileile mliporudi kutoka Mhaji."

"Uliliona?"

"Nilifundisha hesabu pia, muhula ambao Mwalimu Luvanda alikuwa mgonjwa."

"Uliliona ukanyamaza? Mwalimu! Mtu yuko ndani siku ya sita!"

Mzee aliweka kisu kwenye sufuria. Alisimama kwa kujisukuma magotini, akamwashiria amfuate. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha mbolea, Betrida alikijua, isipokuwa hakuwahi kukiingia, maana nani anaingia kibanda cha mbolea cha watu? Ndani hamkuwa na mbolea. Kulikuwa na roda kubwa ya mti, vishikio vinane kwenye ubao, na waya mwembamba uliopanda na kupotea kwenye tundu la paa. Sambamba na waya ulishuka mpira, mwembamba kuliko wa dripu, na mpira ule ulikuwa unatoa maji. Si matone. Maji, yanakwenda, yanaingia kwenye bomba la chini na kuzama ardhini.

"Ni chujio," Mwalimu alisema. "Nyuzi tu, nyepesi hata upepo unazishikilia juu. Upana wake hatua thelathini, lakini ukilikunja linaingia kwenye gunia moja la viazi na nafasi inabaki. Wingu wanaloliswaga linapita katikati, nyuzi zinalisugua, ukungu unageuka maji. Linalobaki linakwenda zake bwawani. Nachukua kidogo sana, Betrida. Kwenye mizani yao hata hayaonekani."

Betrida alikuwa anatazama bomba. Alifuata kwa macho lilikoelekea, ukuta wa kibanda, mteremko nje, miti ya miwati, na chini kule...

"Ile chemchemi," alisema.

"Ehe."

"Ile iliyofufuka mwaka jana. Tukafanya ibada ya shukrani. Mama alipiga magoti pale kwenye tope."

"Chemchemi ilikufa, mwanangu," Mwalimu alisema. "Ile ni mimi."

Loo, hapo Betrida alitafuta mahali pa kukaa, hakuna. Aliegemea mlango. Kaya mia na themanini. Zahanati ya Idende, ambako mdogo wake alijifungulia mwezi wa nne, na mtoto akaogeshwa kwa maji hayohayo. Viazi alivyokula. Chai aliyoiacha ikipoa.

"Ulianzisha kikundi ili ujue kama unaonekana?" aliuliza.

"Hapana!" Kwa mara ya kwanza mzee alipandisha sauti. "Kikundi kina miaka kumi na moja. Chujio lina mwaka mmoja. Nivunjie heshima yote, hiyo niachie."

"Na Ngajilo?"

"Hawana ushahidi. Watamshikashika, watamwachia. Wiki mbili, mwezi."

"Ungekaa wewe huo mwezi?"

Mwalimu aliinama kuukagua mpira. Maji yalikuwa yanakwenda kwenye mpira, na Betrida aliona hawezi kuvumilia kuyasikia. Alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Alitaka kumpigia mtu kelele, lakini aliyekuwepo ni huyu aliyemfundisha kusoma ramani, kushika dira, kunyoosha mkono na kufumba jicho moja.

"Nikiyazima haya," Mwalimu alisema akiwa kulekule ndani, "watu mia tisa watarudi kuchota mtoni Mhaji. Unaikumbuka ile njia. Unamkumbuka mke wangu alianguka wapi."

"Nakumbuka."

"Basi niambie nifanye nini. Wewe ndiye katibu."

"Uje kesho ukae kwenye kiti chako," Betrida alisema. "Mimi nitasoma faili lote. Na haragwe nitalisoma. Ulitufundisha hatufichi mstari."

"Nilifundisha."

"Basi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, si kwa kukubali, ni kama mtu aliyesikia tu. Kisha akaugusa ubao wa vishikio. "Hiki cha tatu, kilichofungwa kitambaa. Ukikivuta nusu, ukahesabu mpaka ishirini, ukakimalizia, chujio lote linashuka polepole bila kukata waya. Ukivuta kingine chochote waya unakatika, na nyuzi zinaangukia mapaa ya watu. Hakuna mwingine anayejua."

"Usinionyeshe, Mwalimu! Sitaki kujua."

"Umeshajua," Mwalimu alisema.

*

Siku ya pili yake darasa la sita la shule ya Idende lilijaa mpaka madirishani. Saa tisa ilifika, kiti cha mwenyekiti kitupu. Saa tisa na robo, kitupu. Betrida alikuwa amelishika faili kwa mikono miwili. Karibu naye alikaa Fundi Obadia Mahenge, mtengeneza redio na mwanakikundi mwenzao, ambaye tangu zamani aliamini wageni kutoka nyota za mbali watashukia Idende tu na si pengine. Alikuwa amevaa suti. Hotuba ya kuwakaribisha alikuwa nayo mfukoni, kama ilivyo miaka yote.

Mstari wa mbele alikaa Yuditha. Pembeni yake, kwenye kiti walichomtolea ofisini, alikaa Bwana Mkude, afisa wa Bodi ya Mawingu, kijana mtanashati wa viatu visivyo na vumbi. Aliangalia saa yake mara tatu.

"Tuanze," alisema. "Mwenyekiti wenu labda ana dharura."

Kwa hiyo amekimbia. Mwalimu Tweve amekimbia, na yeye atasimama hapa peke yake amtaje mtu ambaye hayupo. Alifungua faili. Mlango nao ukafunguliwa, na Mwalimu akaingia, amechana nywele, kisanduku cha mhuri kwapani. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akakaa.

"Katibu, soma."

Alisoma. Alisoma siku, saa, hali ya wingu. Alisoma maneno ya yule wa shuleni, maneno ya yule wa Mhaji. Alipofika kwenye kamba, akazitoa zote mbili, akaziinua juu watu wazione.

"Haragwe la kamba ya pili si sawa na la kwanza," alisema. "Ni nusu yake. Kwa hiyo kitu hakikuwa katikati. Hakikuwa Lihanga. Hakijawahi kuwa Lihanga."

Mnong'ono ulipita darasani. Yuditha alisimama. Alibaki hivyo.

"Subiri kwanza," Bwana Mkude alisema, naye akainuka. "Kama hakikuwa Lihanga, kilikuwa wapi?"

"Mgeni wetu atuwie radhi," Mwalimu alisema kwa upole. "Hapa maswali huuliza mwenyekiti. Ni utaratibu tu, hautachukua muda." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa anaumia, Betrida aliona, na aliona pia kwamba hatarudi nyuma. "Katibu. Nani aliifunga mbegu ile?"

"Mimi."

"Uliipima?"

"Sikuipima. Kosa ni langu, na mume wa dada Yuditha amelilipa."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Kwa hesabu mpya, kitu kilikuwa juu ya wapi?"

Alimtazama mzee, mzee akamtazama yeye kwa lile jicho la darasani, la kumngoja mwanafunzi anayejua jibu.

"Juu ya shamba lako, Mwalimu."

Usiulize kelele zilizozuka. Wengine walisema uongo, wengine walisema haiwezekani, mama mmoja dirishani akasema kwa sauti, "Basi ndiyo maana!" halafu akajifunika mdomo kwa khanga. Mwalimu alingoja. Miaka thelathini ya kungoja darasa linyamaze haikupotea bure.

"Ni chujio," alisema waliponyamaza. "Ni langu. Nimelitengeneza peke yangu na nimeliweka peke yangu. Maji ya chemchemi yanatoka humo. Ngajilo Fungo hajui lolote, na mimi nilijua kuwa hajui, nikamwacha akae ndani siku saba. Hilo nalo liandike, katibu. Hilo liandike kabla ya mengine."

Betrida aliandika. Machozi yaliangukia neno "saba", akalifuta kwa kidole, likachafuka, akaliandika upya.

"Kimeelezwa?" Mwalimu aliuliza.

"Kimeelezwa."

Alifungua kisanduku, akaupulizia mhuri pumzi mara mbili kama alivyozoea, akaugandamiza kwenye faili. Kisha akauweka mbele ya Betrida, si ndani ya kisanduku. "Bwana Mkude," alisema, "mtu wa nyuki mwachieni leoleo. Mimi ngoja nikachukue koti."

Fundi Obadia alikuwa ameitoa hotuba yake mfukoni, anaikunja na kuikunja tena. "Yaani si wageni?" alimnong'oneza Betrida. "Miaka yote hii, ni Mwalimu?"

*

Ngajilo alirudi jioni ileile. Mwalimu Tweve alipelekwa mjini. Na chujio likabaki juu.

Hapo ndipo Bodi walipokwama. Mafundi wao wawili waliingia kibandani, wakavitazama vile vishikio vinane, wakatoka wakijikuna. Vichunga vyao vilitengenezwa kusukuma wingu, si kuvuta waya. Mwalimu huko mjini alikuwa amekiri yote aliyoulizwa, isipokuwa hilo moja. Alisema yeye ni mzee, amesahau. Mtaalamu wa makao makuu angefika baada ya siku nne. Kwa hiyo kwa siku nne, mbele ya macho ya Bodi, ukungu wa Bodi ukaendelea kushuka kwenye mpira na kutokea chemchemini.

Idende yote ilihamia pale. Walijaza ndoo, madumu, masufuria, mapipa, mtungi wa ubatizo wa kanisa. Watu hawakulala wala hawakukaa. Kila mmoja alikuwa anatazama juu, anatazama ndoo, anatazama juu. Betrida alipofika, foleni ilinyamaza. Kuna waliomwamkia, kuna ambao hawakumwamkia, na mama aliyemnong'oneza mwenzake "huyo ndiye" wala hakujisumbua kushusha sauti. Yeye alipanga ndoo ya mama yake nyuma ya beseni la Yuditha. Yuditha aligeuka, akaiona, akaisogeza mbele ya beseni lake. Hakutabasamu. Ngajilo, aliyekuwa kando yake na dumu la kuwapelekea nyuki, alimwitikia kwa kichwa.

Bwana Mkude alikuja siku ya tatu mchana. Viatu sasa vilikuwa na tope. Alikwenda moja kwa moja kwa Obadia.

"Wewe si fundi? Vile vishikio huvijui?"

"Mitambo hii mizito, bosi," Obadia alisema kwa huzuni kubwa. "Mimi wa redio."

Aliwauliza wengine watatu, kila mmoja alikuwa mjinga kuliko mwenzake. Kijiji kizima kilikuwa kimekosa elimu ghafla. Ndipo akamwona Betrida, ameinama, ndoo imejaa nusu.

"Dada katibu," alisema, tena kwa heshima. "Wewe nimekuona mbele ya watu ukijitaja kwa kosa lako mwenyewe. Sijaona jambo kama lile tangu nianze kazi. Kwa hiyo nakuuliza wewe, nitaamini utakachosema. Unajua kulishusha lile chujio?"

Foleni iliganda. Hata watoto waliacha kurushiana maji. Neno lilikuwa moja tu, fupi, la silabi tatu: sijui. Angelisema, Bwana Mkude angeondoka, na siku moja zaidi ingepatikana bila gharama yoyote. Mama yake, mwishoni mwa foleni, alikuwa anamtikisia kichwa: sema, mwanangu, sema tu. Ndani ya mfuko wa sketi vidole vyake vilikuwa vimeishika kamba ya pili. Alilipapasa haragwe. Alikuwa amelibadilisha, sasa lilikuwa la mabaka, kubwa, alilipata kwa jirani baada ya kuzunguka nyumba kumi na tatu. Safari hii alilipima.

"Najua," alisema.

Mtu alishusha pumzi nyuma yake kwa nguvu. Obadia alishika kichwa.

Bwana Mkude alitabasamu kwa faraja. "Nilijua utasema. Haya, twende."

"Siendi."

"Samahani?"

"Umeniuliza kama najua. Najua. Kulishusha, silishushi."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Bwana Mkude kidogo, likakosa kazi, likaondoka. "Dada, unaelewa nikiandika hayo kwenye ripoti nini kinafuata? Huyo mzee ana miaka sabini na moja, watamhurumia. Wewe hawatakuhurumia."

"Naelewa. Yaandike kama nilivyoyasema, usipunguze." Alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya maharage hakutaka kukaa wala kuondoka mahali alipo.

"Basi itabidi twende wote mjini. Sasa hivi."

"Sawa," Betrida alisema. Akainama, akaisogeza ndoo katikati ya maji. "Ila ngoja kwanza ndoo ya mama ijae."